Kila mlio ulikuwa unaniangusha baada ya ajali ya lori, mpaka nikaingia kikundi cha ngoma Tulia

Wakuu, habari za mchana.

Nimekaa hapa jukwaani muda mrefu kama msomaji tu. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, naenda zangu. Leo nimeamua kuandika yangu, na nitaiandika vile ilivyokuwa, hata pale ambapo sionekani mwanaume sana. Majina nimebadilisha. Mambo yenyewe sijayagusa.

Kama uko na haraka, pita tu. Ni ndefu.

Mimi ni mtu wa Mukuyuni, Makueni. Nilikuwa dereva wa lori za masafa marefu, Mombasa kwenda Kampala na kurudi. Mwenzangu kwa gari aliitwa Musyoki. Tulifanya kazi pamoja mpaka watu wa stejini wakadhani ni ndugu wa tumbo moja. Tulikuwa tunapokezana usukani, mmoja anaendesha, mwingine analala pale nyuma ya viti. Hata nyumbani tulikuwa majirani, boma lake liko ng'ambo ya kijito kutoka kwangu.

Asubuhi moja tulikuwa tunapanda kutoka Mombasa na mzigo wa ngano. Tukasimama Makindu, tukanywa chai. Mimi ndiye nilikuwa nimeendesha mpaka hapo, kwa hivyo Musyoki akachukua usukani na mimi nikajilaza.

Kabla ya kufika Emali tairi ya mbele ikapasuka.

Niliamshwa na ule mlio. Nikasikia Musyoki akisema "Shika," neno hilo moja, halafu gari ikatoka barabarani. Yeye hakutoka hai. Mimi nilitoka na mguu umevunjika na mbavu kadhaa.

Ajali nitaiacha hapo, kwa sababu uzi huu si wa ajali. Ni wa kile kilichofuata.

Mguu ulishonwa, ukafungwa plasta, ukapona. Kila mtu akaniona natembea wakasema Mungu ni mwema, huyu amepona. Hata mimi nilidhani hivyo.

Kumbe kuna kitu kilibaki masikioni.

Siku moja Mumbua, mke wangu, aliangusha sufuria jikoni. Nilijikuta chini ya kitanda. Sikumbuki nikiingia. Nakumbuka tu nikiwa huko chini, nimeshika mguu wa kitanda kwa mikono miwili, jasho linanitoka kama nimemwagiwa maji, na Mumbua amepiga magoti anauliza, "Baba Kioko, unatafuta nini huko?"

Nikamwambia natafuta kiatu.

Baada ya hapo ikawa kila kitu. Mlango ukipigwa na upepo, boda ikitoa mlio wa exhaust, mbuzi akigonga mabati. Moyo unaruka, na baadaye nakuwa na hasira mbaya, hasira ya kutaka kuvunja vitu. Usingizi ukaisha. Nikifunga macho nasikia lile neno, "Shika."

Watoto wangu walianza kuongea kwa kunong'ona. Hakuna aliyewaambia. Msichana wangu wa mwisho alitafuta kitambaa akakifunga kwa komeo la mlango wa mbele ili usilie ukifungwa. Nilimwona akifanya hivyo, anafunga pole pole huku anaangalia kama nimeamka. Nilijifanya nimelala. Nilisikia aibu ambayo siwezi kuieleza hapa.

Niseme pia kwamba nilienda hospitali. Msidhani nilikaa tu. Mumbua alinipeleka hospitali ya kaunti, tukaonana na counsellor, mshauri wa mambo ya akili, msichana mpole sana. Alinieleza kwamba hii kitu ina jina, kwamba mwili wangu bado uko ndani ya lile gari. Akanipa dawa kupitia kwa daktari, na dawa ilisaidia usingizi kidogo. Lakini akiniuliza, "Ulisikia nini siku hiyo?" namjibu, "Niko sawa." Mara ya pili, niko sawa. Mara ya tatu, niko sawa. Mwishowe akaniambia, "Basi kama maneno hayatoki, tafuta kitu cha kufanya na watu wengine. Usikae peke yako nyuma ya nyumba." Nikaitikia, nikarudi nyuma ya nyumba.

Kanisani kwetu waliniombea. Sitasema vibaya juu ya hayo, watu walifunga kwa ajili yangu. Lakini wakianza kuomba kwa sauti na kupiga makofi, mimi nilikuwa natoka nje. Wengine wakaanza kusema hiyo ni pepo, inakimbia maombi. Ilikuwa makofi, wakuu. Makofi tu.

Na kulikuwa na jambo lingine. Mke wa Musyoki, Mama Ndanu, alikuwa ametuma watu mara nyingi kuniita. Mazishi yalifanyika nikiwa bado wodini. Nilipotoka, kijito kilichotutenganisha nikashindwa kukivuka. Nikimwona kwa mbali sokoni, nageukia njia nyingine.

Sasa aingie dada yangu.

Dada yangu mkubwa anaitwa Mwende. Ameolewa Kitui, sehemu inaitwa Tulia. Ndiyo, jina la mahali ni Tulia, na mimi sikuwa nimetulia hata kidogo. Mzaha huo nimeusikia mara nyingi, msijisumbue. Mwende ni mkulima wa ndengu na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha ngoma cha akina mama na wazee wachache, wanaimba na kucheza ngoma zetu za Kikamba kwenye harusi na sherehe za serikali.

Alikuja kutusalimia. Akakaa sebuleni, akaona vile watoto wanapita kwa vidole vya miguu. Akaona kile kitambaa mlangoni. Akamaliza chai kwanza.

"Huyu naenda naye," akamwambia Mumbua.

"Wapi?"

"Kwangu. Akae kwa kikundi."

Mumbua akaweka kikombe chini. Mke wangu ni mtu wa kanisa kabisa, na kwa watu wengi wa kanisa huku kwetu ngoma ya zamani na mambo ya mapepo ni kitu kimoja.

"Dada Mwende, nakuheshimu. Lakini ngoma? Watu wameomba miezi yote hii, halafu nimpeleke akapigiwe ngoma?"

"Hakuna pepo tunaita. Tunaimba juu ya mvua, na watoto, na watu wetu. Kwaya yenu haina ngoma?"

"Iko. Lakini ni ya Mungu."

"Mumbua," dada akasema, "mtoto wako amefunga mlango kitambaa. Nipe huyu mtu nijaribu. Nikishindwa nitamrudisha mimi mwenyewe."

Mumbua alikusanya vikombe. Halafu akaingia chumbani na kuanza kukunja nguo zangu. Akanipakia dawa zote na kuniambia nisiache hata siku moja. Pia akaweka Biblia juu kabisa, nikifungua begi niione kwanza.

Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa ningekataa.

Mazoezi yao ni alasiri, kwenye uwanja ulio nyuma ya duka za Tulia. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi karibu nao. Mama mmoja akapuliza filimbi, ngoma kubwa ikapigwa mara moja, na nikakimbia. Sisemi niliondoka. Nilikimbia na ule mguu wangu, nikapita sokoni watu wakiniangalia, mpaka nyumbani kwa dada, nikafunga mlango na kufunika kichwa kwa blanketi.

Nilimngoja Mwende aje kunigombeza. Alirudi jioni, akapika, akaniwekea chakula.

"Kesho utachagua mwenyewe utakaa wapi," akasema. "Hata ukitaka kukaa barabarani, sawa. Lakini utakuja."

Kesho yake nilikaa mbali, kando ya ua wa shule ya chekechea, mahali ngoma inasikika kama mtu anatwanga. Moyo ulipiga, lakini nilikaa. Siku iliyofuata nikarudi pale pale. Hakuna aliyenipungia mkono. Hakuna aliyeniita. Baada ya kama wiki hivi nikagundua nimesogea mpaka kwenye ukuta wa choo. Halafu nikasogea tena.

Nilianza kuona mambo ambayo ukiwa mbali huyaoni. Kwamba yule mama wa filimbi huwa anavuta pumzi na kuinua bega kabla ya kupuliza. Kwamba mpigaji akitaka kupiga kwa nguvu, mkono unaenda juu kwanza. Mlio haukuwa unatoka hewani tu. Ulikuwa na mtu nyuma yake.

Mpigaji wa ngoma kubwa anaitwa Salim. Ana duka la vitambaa na viungo pale Tulia. Familia yake ilitoka Pwani zamani ikaingia Mwingi, na yeye akafika Tulia kibiashara. Kikamba chake kinashinda changu. Ni mwembamba, mtaratibu, haongei sana. Baadaye aliniambia kwamba aliingia kikundi baada ya kumzika mama yake, wakati alikuwa anafungua duka lakini hawezi kumtazama mteja usoni.

Siku moja mazoezi yalipoisha alikuja pale nilipokaa na kuweka ngoma katikati yetu.

"Piga wewe," akasema.

"Siwezi."

"Hujajaribu. Sikia, ukipiga wewe, haiwezi kukushtua. Unajua inakuja lini."

Nikaiangalia ile ngozi. Nikagusa kwa kidole kimoja. Ikatoa sauti ndogo, kama mtu anabisha hodi.

"Sasa nguvu kidogo," Salim akasema.

Nikaongeza. Moyo ukaruka, lakini ukarudi. Nikapiga tena. Ukaruka, ukarudi haraka kidogo. Tulikaa hapo mpaka ng'ombe wakaanza kurudi nyumbani. Wakati nilipiga kwa kiganja chote, kwa nguvu, na sikufumba macho, nilisikia machozi yanashuka. Salim aliangalia upande wa barabara kana kwamba kuna kitu cha maana huko.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kulala vizuri tangu ajali. Na dawa nilikunywa pia, msinielewe vibaya. Dawa sikuacha.

Basi nikawa mpigaji. Ngoma ndogo kwanza. Nilifunzwa kusikiliza. Kwa ngoma huwezi kuwa kichwani mwako, kwa sababu mkono wako unangoja mkono wa mwingine. Ukianza kufikiria mambo yako, unakosa, na akina mama wote wanakugeukia na yale macho yao.

(Samahani, nilikatwa na stima. Naendelea.)

Lakini si kwamba nilipanda tu bila kuteleza. Kuna alasiri tulikuwa katikati ya wimbo, na lori la kokoto likapasuka tairi pale barabarani. Karibu kabisa.

Nilipojitambua nilikuwa chini ya meza ya mama muuza mboga, nyanya zimemwagika kila mahali. Ngoma zimenyamaza. Watu wamesimama. Nilisikia mtu mmoja akisema, "Huyu bado." Nikaamua hapo hapo kwamba kesho narudi Mukuyuni na ngoma nimeachana nayo.

Salim akaja na ngoma yake. Akakaa chini, kwenye vumbi, na shati lake jeupe. Hakuniambia nitoke. Akaanza kupiga taratibu sana, mdundo ule ule tuliokuwa tunapiga kabla ya tairi. Akapiga na kupiga. Baada ya muda dada Mwende akaingia na sauti, chini chini. Na wale wengine.

Mkono wangu wenyewe ukaanza kupiga kwa udongo. Sikuutuma.

Baadaye Salim akaniambia, "Mara ya kwanza ulikimbia mpaka kwa dada yako. Leo umefika kwa meza tu. Kuna maendeleo."

Nilicheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko changu. Tukamwokotea mama nyanya zake, na zile zilizopasuka Mwende akazipeleka nyumbani kupika. Kesho yake sikupanda gari ya Mukuyuni. Nilienda mazoezi.

Sasa nifike pale pagumu.

Kikundi kina wimbo mmoja wa kuwakumbuka watu. Ni wa Kikamba, na kila mwanakikundi anaweza kuleta jina la mtu wake aliyekwenda, akamtungia mistari. Salim ana mistari ya mama yake. Dada ana ya baba yetu. Siku moja wimbo ulipofika kwangu nikasikia mdomo wangu ukisema, "Musyoki."

Ilikuwa mara ya kwanza nimelitaja mbele ya watu.

Dada akasimamisha wimbo. "Huyu ana mke?"

"Ana mke."

"Anajua unataka kumwimba mume wake?"

Nikaanza kukaza kamba za ngoma.

"Jina la mtu lina mwenyewe," akasema. "Nenda umuulize. Akikataa, hatuimbi."

Nilikasirika naye. Nilimwambia hajui anachoniuliza. Akaniambia anajua vizuri sana, ndiyo maana anauliza. Nilikaa na hiyo hasira, nikaizungusha, na mwishowe nikaona hakuna njia ya kuipita isipokuwa kwenda.

Nilirudi Mukuyuni na ngoma ndogo ya kikundi mkononi. Watoto walisimama mlangoni wakiangalia ile ngoma. Nikakaa kwa ngazi, nikapiga. Yule mdogo akamwangalia mama yake kwanza, kama anaomba ruhusa. Mtoto akaja, akapiga na yeye, kwa nguvu zake zote, na nikabaki nimekaa pale pale. Mumbua aligeuka akaingia jikoni. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi.

Asubuhi iliyofuata nikavuka kijito.

Mama Ndanu alikuwa amekaa nje anapepeta ndengu. Aliniona nikija tangu kule chini na hakusimama. Nilipomsalimia aliitikia akiwa ameangalia ungo.

"Karibu, shemeji. Kiti kiko hapo."

Nikakaa. Nikaeleza. Kikundi, Tulia, wimbo. Nilieleza vibaya, nikirukaruka. Alipoelewa ninachoomba, aliweka ungo chini.

"Nimekuita. Nimetuma watu. Nimemtuma hata mama yako mdogo. Hukuja. Leo umekuja kwa sababu ya wimbo?"

"Nilikuwa mgonjwa, shemeji."

"Najua ulikuwa mgonjwa. Mimi je?"

Miguu ilitaka kusimama iende. Niliishikilia hapo kwa kiti, kwa nguvu, kama vile nilivyokuwa nashikilia kando ya ule ua wa chekechea.

"Hapana," akasema. "Wimbo hapana."

"Sawa."

Nikabaki nimekaa. Naye hakunifukuza. Kuku wakaja kuokota ndengu zilizodondoka. Baada ya kitambo akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Siku hiyo aliongea nini?"

Hilo ndilo swali ambalo counsellor aliniuliza na sikuweza. Na hapo likatoka.

Nilimwambia juu ya Makindu. Tulikunywa chai, Musyoki akala chapati zangu na zake. Alikuwa analalamika juu ya kitanda. Alisema amechoka kulala upande wa ukuta, kwamba tangu aoe amelala upande wa ukuta kama gunia, na safari hii akifika nyumbani atamwambia mkewe wabadilishane na hakuna mjadala. Alisema hivyo mdomo umejaa chapati. Halafu akasema, "Lakini hatakubali, huyo mwanamke."

Mama Ndanu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, halafu kikageuka kilio, halafu kikarudi kicheko. Aliniambia hiyo vita ya ukuta ilianza wiki waliyooana. Polisi walimwambia juu ya tairi. Watu wa kampuni walimwambia juu ya tairi. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia juu ya tairi. Hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia kwamba asubuhi hiyo mume wake alikuwa anamtaja.

"Na mwisho?" akauliza.

"Mwisho alisema 'Shika.' Alikuwa ananiambia mimi nijishike. Ndiyo maana niko hapa."

Aliuokota ungo, akaanza tena kupepeta. Binti yake mkubwa akaleta uji.

Nilipoinuka kwenda akasema, "Mtaimba. Lakini hakuna lori kwa huo wimbo. Hakuna barabara. Mtaimba ukuta."

Tukaimba ukuta.

Mistari nitawapa kwa maana tu, kwa Kikamba ni mitamu zaidi. Inasema Musyoki mtu wa ng'ambo ya kijito, mla chapati za wenzake, sasa mke wako amekuachia kitanda chote, njoo uchague upande. Mistari ya mwisho aliitunga Mama Ndanu mwenyewe, akaniimbia kwa simu nikiwa Tulia.

Halafu mwaliko ukaja. Wahudumu wa afya wa vijijini walikuwa na siku ya kuongea na watu juu ya magonjwa ya akili, siku ya soko, na wakaomba kikundi chetu kiwavutie watu kwa ngoma. Mahali ni Emali.

Emali, wakuu. Penye njia ya Loitokitok, lori zimejipanga pande zote, breki za upepo na honi kutwa nzima. Na lile eneo la ajali si mbali na hapo. Tangu siku ile sikuwa nimekanyaga.

Dada akaniambia si lazima. Salim akasema atapiga sehemu yangu. Nikampigia yule counsellor, mara ya kwanza kumpigia mimi mwenyewe, na nikamweleza yote. Akaniuliza, "Unataka kwenda, au unaona ni lazima uende?" Nikafikiria. Nikamwambia nataka.

Nilienda.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Tulipojipanga, lori likapiga honi ile ndefu nyuma yetu na mikono yangu ikasimama hewani. Nikapoteza mdundo kabisa. Nikamwangalia Salim. Aliendelea kupiga, akaniitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayekushikia mlango. Nikaingia tena. Honi nyingine ikaja, nikakosa kidogo, nikaingia. Ya tatu nikaisikia, nikapiga juu yake.

Mama Ndanu alikuja na watoto wake. Na kando yake alikuwa amesimama Mumbua wangu, na mkoba wake wa kanisa begani. Sikuwa nimeambiwa anakuja.

Tulipofika kwa Musyoki, watu wa soko wakaanza kucheka juu ya ukuta na chapati. Kicheko kizuri, cha watu wanaojua mtu wa aina hiyo. Mama Ndanu akasukuma watu, akaingia katikati na akina mama, akaimba mistari yake mwenyewe kwa sauti yake. Watu walinyamaza. Nilisikia hata lori zimenyamaza, ingawa najua hazikunyamaza.

Mimi nilipiga. Kazi yangu ilikuwa kumshikia mdundo asianguke, na hakuanguka.

Baada ya hapo wahudumu wa afya waliongea, na watu wakaanza kuwaendea, mmoja mmoja, hasa wanaume, wakijifanya wanauliza juu ya presha. Nilikuwa nafunga ngoma zetu wakati jitu moja la dereva lilinijia. Mkubwa kuliko mlango, viatu vya sandali, funguo za lori mkononi. Akasimama tu.

"Huyo Musyoki wa ile ajali ya hapa, ulikuwa naye kwa gari?"

"Nilikuwa naye."

Akaangalia funguo zake. "Mimi wangu aliitwa Kilonzo," akasema. "Sijawahi kuambia mtu."

Nikamsogezea ngoma. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Alikaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa hapo, akaweka kile kiganja chake kikubwa kwa ngozi, na akagusa kwa kidole.

Wakuu, hiyo ndiyo hali ilivyo mpaka leo: usukani wa masafa marefu sijaurudia na sidhani nitaurudia. Nafanya kazi ya kupakia mchanga na kusambaza kwa pickup huku karibu. Kuna siku mbaya. Juzi tu mtoto wa jirani alipasua puto na ilibidi nikae chini. Clinic naenda bado. Anayekwambia ngoma inamaliza dawa, mkimbie.

Lakini tumeanzisha kikundi chetu Mukuyuni. Mama Ndanu ndiye kiongozi wa sauti na ni mkali kuliko dada yangu. Kuna wapanda boda, kuna mwalimu mstaafu, kuna dereva huyo wa Emali ambaye hupaki akipita, anapiga ngoma saa moja na kuendelea na safari. Kanisani wengine bado hawajafurahi. Mumbua hachezi, ila amechukua kazi ya kushona sare zetu, na kila sare ina mshono wa mtu aliyeshona kwa makini.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi nilidhani nikiongea ndiyo nitapona, na kwa sababu sikuweza kuongea nikadhani sitapona. Kwangu mikono ilianza kwanza. Watu walinipa mahali pa kukaa bila kuniuliza maswali, wakaniacha nisogee kwa mwendo wangu, lakini hawakuniruhusu nisije. Maneno yalikuja baadaye, na yalipokuja hayakuwa yangu peke yangu, kuna mama wa watu alikuwa ameyangoja muda wote huo. Kama uko na mtu nyumbani amejifungia, usimwambie ajikaze. Mpeleke mahali watu wanafanya kitu pamoja, iwe kwaya, iwe kusuka, iwe mchezo wa kuigiza, na umwache akae kwa ua mpaka achoke na ua. Na hospitali mpeleke pia.

Nimemaliza. Kijiwe ni chenu sasa, hata wale wa kusema ni ushetani nitawajibu kwa heshima. Ila ningependa zaidi kusikia kutoka kwa madereva. Najua mko humu. Kama kuna jina ambalo hujawahi kulitaja mbele ya mtu, liandike hapo chini, jina tu, si lazima uongeze kitu.